Spea ya Gari Kuukuu: Boksi, Namba na Mteremko wa Magara

Gari la kijijini Tanzania huanza kazi ngumu uzeeni. Limetembea Japani miaka 10 au 15, likauzwa mnadani, likapanda meli hadi Dar es Salaam, likapita kwa wenyewe wawili watatu, mwisho likafika Dongobesh, Haydom, au Katesh na Hirbadaw wilayani Hanang. Huko ndiko linakopewa mzigo ambao halikuwahi kuuona kwao: magunia ya mahindi na vitunguu, walimu wanaokwenda mjini, mama mjamzito anayewahishwa hospitali, na siku ya mnada mbuzi wawili watatu juu ya keria.

Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda iliwafungia mlango waagizaji wa magari yaliyozidi miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Tanzania imekwenda njia nyingine: gari kuukuu linaingia, ila ushuru unapanda kadiri umri wake unavyopanda. Matokeo yake yanaonekana katika kila gereji ya Mbulu na Hanang. Magari ni ya zamani, na spea ni shughuli ya kila mwezi.

Dukani swali huulizwa kwa maneno machache: "Unataka orijino au ya kawaida?" Gari liko juu ya jeki, fundi anasubiri, abiria wamekaa kivulini wananung'unika. Mwenye gari anatazama pochi yake na jibu linatoka humo humo. Mazungumzo ya leo yanamwomba mwenye gari huyo asijibu haraka, kwa sababu swali lenyewe limefinywa mno. Kati ya orijino na ya kawaida kuna aina nyingine za spea, na gari moja linaweza kustahili aina hii kwenye gurudumu na aina ile kwenye mlango.

Jambo la kwanza kulijua ni kwamba mwenye jina lililoandikwa kwenye boneti hatengenezi kila kitu kilicho chini yake. Toyota hununua sehemu kubwa ya vipuri vyake kwa viwanda vingine. Denso, iliyojitenga na Toyota mwaka 1949 na kuwa kampuni inayojitegemea, hutengeneza plagi, starta, alteneta na pampu za dizeli. Aisin hutengeneza klachi na giaboksi. Beringi nyingi zilitoka Koyo, kampuni ambayo mwaka 2006 iliungana na nyingine na kuwa JTEKT. Shokapu hutoka KYB, pedi na mitambo ya breki hutoka Advics au Akebono. Kiwanda kile kile kinaweza kupaki plagi moja ndani ya boksi lenye nembo ya Toyota na nyingine ndani ya boksi lake chenyewe. Bei hutofautiana, na mara nyingi hutofautiana sana, lakini chuma ni kimoja.

Kwa mwenye gari kuukuu, hiyo ndiyo habari yenye manufaa kuliko zote. Anayenunua plagi za Denso au NGK katika boksi la Denso au NGK hajashuka daraja. Ameacha kulipia boksi.

Chini ya hapo ziko spea za viwanda visivyowahi kuihudumia kampuni iliyounda gari, ila vinatengeneza kwa jina lao, kwa uwazi, na huweka heshima yao rehani. Baadhi ni nzuri sana. Mafundi wa Afrika Mashariki wanaijua namba 555 kwenye tairodi na boli jointi. Ni alama ya Sankei ya Japani, na wengi huichagua bila kusita. Nyingine hudumu msimu mmoja. Huko Uchina, Taiwan, Thailand, India na Uturuki kuna viwanda vya kila hali, na kusema tu kwamba kitu ni "cha Kichina" hakumwambii mtu lolote, maana hata makampuni makubwa ya Japani yana viwanda vyao Uchina.

Kisha iko feki. Hii haina haki ya kuhesabiwa miongoni mwa spea. Ni kitu kilichovalishwa jina la mwenzake. Boksi limeandikwa Toyota, Denso au 555, na ndani hakuna Toyota, Denso wala 555. Ubishi mwingi wa vijiweni kuhusu orijino na kopi unatokana na kuichanganya feki na spea ya kiwanda kingine. Mtu akiumizwa na feki, anaapa kwamba hatanunua tena kitu kisicho orijino, wakati alichouziwa kilikuwa kimeandikwa hivyo hivyo, orijino.

Anayesikiliza akiwa karibu na gari lake anaweza kuchukua kalamu. Spea za Toyota zina namba yenye tarakimu tano, kistari, kisha tarakimu au herufi nyingine tano. Tano za mwanzo hutaja aina ya kifaa. 04465 ni pedi za breki za mbele. 04466 ni pedi za nyuma. 90915 ni filta ya oili. 17801 ni eya klina. 13568 ni mkanda wa taimingi. Tano za mwisho hutaja gari na injini gani. Duka likikupa boksi la Toyota la pedi za mbele lenye namba isiyoanza na 04465, kuna maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa. Namba peke yake haimfichui mwenye feki, kwa kuwa naye anaweza kuinakili, lakini humwokoa mnunuzi na kosa lililo la kawaida zaidi, la kupewa kifaa halali cha gari jingine. Noah yenye maandishi ya SR40 kwenye kibao chake na Noah ya AZR60 zinaitwa jina moja barabarani, lakini moja ina injini ya 3S na nyingine ina injini tofauti kabisa. Ndiyo maana fundi makini hupiga picha kibao cha gari na kifaa cha zamani, akaituma Arusha kwa WhatsApp kabla ya kuagiza.

Sasa njoo kwenye breki.

Barabara inayotoka Mbuyu wa Mjerumani kwenda Mbulu hupanda ukingo wa Bonde la Ufa pale Magara, na mteremko wake ni mkali kiasi kwamba sehemu zake zimewekwa zege. Kutoka Dareda kupanda kuelekea Dongobesh napo ukingo ni ule ule. Gari lililopakiwa likishuka huko, uzito wake wote hugeuka joto kwenye diski na pedi. Pedi nzuri imechanganywa kwa kiwango ili ishike hata ikiwa ya moto. Pedi mbaya hushika vizuri asubuhi ikiwa baridi, mjini Mbulu, pale mwenye gari anapoijaribu na kuridhika. Ikipata moto, gundi iliyoufunga mchanganyiko wake hutoa gesi, pedi inateleza juu ya diski, na dereva anakanyaga kwa nguvu zaidi bila kupata zaidi.

Kuna kitu cha pili hapo ambacho watu wengi hukisahau. Oili ya breki ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini oili hiyo hunyonya unyevu kutoka hewani, na ikishanyonya kiasi fulani cha maji kiwango kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140. Ikichemka inatengeneza mapovu, na mapovu hubonyea. Kanyagio linazama hadi sakafuni. Kwa hiyo anayenunua pedi za bei ya juu kabisa na kuziacha zifanye kazi na oili ya breki iliyo na miaka sita amepoteza fedha yake. Chupa ya oili ya breki ni moja ya vitu rahisi kabisa dukani.

Kwa breki na stelingi, basi, msimamo wa mazungumzo haya hauna kona: boksi la kampuni iliyounda gari, au boksi la kiwanda kinachojulikana kwa jina, na vyote viwili kutoka duka linalotoa risiti ya EFD yenye jina la kifaa. Tairodi ikikatika kwenye njia ya Hirbadaw iliyonyooka gari linaingia shambani. Ikikatika Magara hakuna shamba.

Injini inahitaji hesabu ya namna nyingine, na mfano mzuri ni mkanda wa taimingi. Land Cruiser za aina ya 70, zile ngumu zinazoendeshwa na hospitali, misheni na halmashauri kote Manyara, nyingi zina injini ya 1HZ: silinda sita, dizeli, sentimita za ujazo 4,164, haina tabo wala kompyuta inayosimamia dizeli. Mafundi huipenda kwa sababu inarekebishika popote. Lakini inategemea mkanda wa mpira, na mkanda ukikatika pistoni hukutana na valvu. Hapo ni silinda hedi, valvu, pengine pistoni zenyewe, na gari halitoki lilipo bila kuvutwa. Kwa kawaida mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi.

Ile Noah ya injini ya 3S-FE nayo ina mkanda. Ukikatika, injini inazimika, lakini kwa ubunifu wake pistoni na valvu hazigusani. Unafunga mkanda mwingine, unapanga taimingi, unawasha. Probox ya injini ya 1NZ haina mkanda wa taimingi kabisa, ina cheni. Magari matatu, yote Toyota, yote yanapishana kwenye barabara moja ya vumbi, na ubaya wa mkanda duni katika kila moja ni tofauti. Mwenye Land Cruiser akibana fedha kwenye mkanda anahatarisha injini nzima. Mwenye Noah anahatarisha safari. Bado kulala njiani usiku na wagonjwa ni jambo zito, lakini si sawa na kuzika injini, na mwenye kipato kidogo ana haki ya kuijua tofauti hiyo kabla hajaamua shilingi zake ziende wapi.

Orijino nayo hukosea. Land Rover za 300Tdi, zilizoanza kuuzwa miaka ya 1990 na ambazo bado zinaheshimiwa Arusha na Manyara, zilitoka kiwandani na kasoro: katika nyingi za mwanzo mkanda wa taimingi haukukaa sawasawa kwenye njia yake, ukalika pembeni kabla ya wakati. Kampuni yenyewe ikalazimika kutoa seti ya marekebisho. Aliyekuwa akirudishia kila mara kifaa kile kile cha orijino cha mwanzo alikuwa akirudishia kasoro ile ile. Defender ya mwisho ya zama hizo ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016, na tangu hapo maisha ya magari hayo yameegemea sana viwanda vya nje vinavyotengeneza spea zake. Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover Oktoba 2024, zilijitokeza kwa mamia, na nyingi ya Land Rover kuukuu zisingeweza kuwasha injini kama wenyewe wangekataa kila kisicho na nembo ya kampuni.

Vumbi la Hanang ni sura ya peke yake. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ni volkano iliyopoa, na udongo wa maeneo yanayouzunguka ukikauka husagika kuwa unga laini unaoingia kila upenyo. Eya klina ya karatasi mbovu huonekana sawa kwa macho. Tatizo liko kwenye mpira wa ukingoni usiokaa vizuri na kwenye karatasi inayopitisha chembe ndogo. Chembe hizo hufika kwenye silinda, zinakula ringi za pistoni polepole, na baada ya miezi gari linaanza kutoa moshi wa bluu na kula oili. Hakuna anayeilaumu eya klina wakati huo. Lawama huenda kwa umri wa gari. Kosa jingine liko gerejini: filta nzuri kabisa hupulizwa kwa upepo wa kompresa hadi karatasi inachanika, kisha inarudishwa. Eya klina mpya ya kiwanda cha kawaida kinachojulikana ni bora kuliko orijino iliyopulizwa mara kumi. Watu wa zamani walikuwa na nafuu yao: trekta la Massey Ferguson 135 na Land Rover za miaka ile zilichuja hewa kwa kuipitisha kwenye oili, na usafi wake ulikuwa kumwaga oili chafu, kuosha chombo na kuweka oili nyingine.

Wilaya ya Hanang inaijua shida ya spea kwa kipimo kikubwa kuliko gari la mtu mmoja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Kanada iliisaidia Tanzania kulima ngano katika nyanda za Hanang, na mashamba saba makubwa ya shirika la umma la NAFCO yakafunguliwa, likiwemo la Bassotu na la Mulbadaw, kwenye karibu ekari 100,000. Wafugaji Wabarbaig walipoteza malisho yao na wakaenda mahakamani. Matrekta, mashine za kuvunia na vipuri vyake vilitoka Kanada, na wataalamu wa kuvihudumia pia. Msaada wa Kanada ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitambo ile ilibaki na njaa ya vipuri ambavyo vilikuwa vigumu kupatikana. Chuma kilikuwa bora. Kilichokosekana ni njia ya kukifikia kila kinapovunjika, na fedha za kigeni za kukilipia.

Linganisha na Massey Ferguson, trekta ambalo wakulima wengi wamelizoea. Spea zake zimekuwa zikitengenezwa na TAFE ya India na Millat ya Pakistani, viwanda ambavyo vyenyewe vimekuwa vikiunda Massey Ferguson tangu miaka ya 1960. Mkulima anayekataa beringi au gia kwa sababu imeandikwa Pakistani huenda anakataa orijino ya trekta lake mwenyewe.

Upatikanaji na urahisi wa kutengeneza ni sehemu ya ubora. Redieta inaonyesha jambo hilo vizuri. Redieta nyingi za kisasa zina mbavu za alumini na matangi ya plastiki yaliyobanwa; tangi likipasuka fundi wa kijijini hana la kufanya zaidi ya gundi. Redieta ya shaba, hata ikiwa ya kiwanda kisicho na jina kubwa, huzibwa kwa risasi na fundi yeyote anayejua kulehemu. Kwa Land Cruiser inayofanya kazi mbali na lami, ya shaba inaweza kuwa chaguo la busara zaidi hata kama iliyotoka na gari ilikuwa ya plastiki. Kwa bampa, vioo vya pembeni, vitasa na zulia, kopi ya Taiwan haina dhambi yoyote. Fedha inayookolewa hapo ndiyo inayonunua pedi.

Imebaki spea ya mtumba, ambayo Watanzania wengi huiamini kuliko mpya ya bei poa, na wana sababu. Injini, giaboksi, difu, starta na alteneta zilizovuliwa kwenye magari ya Japani, nyingine zikipitia masoko ya Sharjah ambako wafanyabiashara wanaozungumza Kiswahili ni wenyeji kabisa, ni vyuma vya orijino vilivyotumika kwenye lami. Kariakoo, eneo la Gerezani, biashara hiyo ina mizizi. Kampala wana Kisekka, Nairobi wana Kirinyaga Road. Mara nyingi starta ya Denso iliyotumika hudumu kuliko kopi mpya. Ila mtumba una mpaka wake, nao ni mpira na msuguano. Mkanda, hozi, oili sili, pedi, bushi na boli jointi vilivyotumika havinunuliwi kwa bei yoyote. Anayefunga injini ya mtumba ambayo ina mkanda wa taimingi abadilishe mkanda, oili sili na pampu ya maji injini ikiwa bado chini, maana ikishapanda kazi hiyo hiyo inahitaji siku nyingine na malipo mengine ya fundi.

Sheria ipo upande wa mnunuzi, japo wachache huitumia. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuuza bidhaa yenye alama ya kughushi, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Shirika la Viwango, TBS, lililoanzishwa mwaka 1975, hushughulikia ubora wenyewe. Malalamiko bila boksi, kifaa na risiti hayaendi mbali, na hapo ndipo wateja wa vijijini hupoteza: boksi hutupwa gerejini, kifaa kibovu hubaki kwa fundi, risiti haikudaiwa. Fundi anayemrudishia mteja kifaa cha zamani pamoja na boksi la kipya anamtendea haki, na mteja anapaswa kuvidai hata kama fundi ni ndugu yake.

Kwa Hirbadaw kalenda ina uzito wake pia. Kutoka Babati hadi Arusha ni kilomita 170 hivi za lami, na mabasi ya Arusha na Singida hupita Katesh kila siku yakiwa na vifurushi vya spea. Mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Mei, na kwenye udongo mweusi wa mbugani boksi lililofika Katesh asubuhi linaweza kukaa hapo siku tatu. Wenye magari wengi hushika fedha kati ya Agosti na Oktoba, mahindi yanapouzwa. Huo ndio muda wa kuagiza pedi za 04465, chupa mbili za oili ya breki, eya klina ya akiba na, kwa mwenye 1HZ ambaye hajui mkanda wake ulifungwa lini, mkanda pamoja na roli yake, kisha fundi aandike kwa rangi kwenye kifuniko cha mkanda kilomita na tarehe ya siku hiyo.